Gitaa kwa Nyimbo au kwa Mazoezi ya Hatua kwa Hatua: Ulinganisho wa Kodi, Ucharazaji na Skeli

Anayeanza kupiga gitaa hukutana mapema na njia mbili zinazovutana. Ya kwanza humtaka achague wimbo anaoupenda, ajifunze kodi zake tatu au nne (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), aucharaze, yaani apitishe mkono wa kulia juu ya nyuzi, mpaka uimbike, kisha ahamie wimbo mwingine. Ya pili humtaka aanze na majina ya noti, skeli (noti zilizopangwa kwa kupanda na kushuka), mazoezi ya vidole na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa usawa, na nyimbo zije baadaye mkono ukishakomaa. Wanaotetea njia ya kwanza husema kwamba mazoezi matupu huua hamu ya mwanafunzi, nao wanaotetea ya pili husema kwamba nyimbo peke yake huzaa wapigaji wanaojua mambo mengi nusunusu. Kila upande una hoja, lakini pande zote mbili huyachukulia maarifa ya gitaa kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mabishano yao yanapokosa kumsaidia anayetaka kuchagua. Kodi, ucharazaji na skeli ni stadi tatu tofauti, na wimbo hauzifundishi zote kwa kiwango kimoja: hufundisha kodi vizuri sana, hufundisha ucharazaji kwa nusu, na skeli karibu hauifundishi kabisa usipoutumia kwa namna maalumu. Kwa sababu hiyo nitazipima njia hizo mbili katika kila stadi peke yake, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kufanya vyema kuchagua nyimbo kwa stadi moja na mazoezi kwa nyingine.

Katika maelezo yanayofuata, uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko yote na wa sita ni ule mnene, na gitaa limelinganishwa kwa kawaida, yaani E, A, D, G, B na E kuanzia uzi wa sita. Freti ni vile vyuma vinavyokata shingo la gitaa, vikihesabiwa kuanzia upande wa kichwa, na herufi ndogo m baada ya jina la kodi, kama katika Am, ni alama ya kodi ya maina; isipokuwepo, kodi ni meja.

Kodi: hapa nyimbo zinashinda, kwa masharti

Umbo la kodi moja hujifunzwa kwa dakika chache. Kinachochukua wiki na miezi ni kuhama kutoka kodi moja hadi nyingine bila kusimama, na hili ni jambo ambalo zoezi la kwenye karatasi hulifundisha polepole kwa sababu zoezi humsubiri mwanafunzi. Wimbo haumsubiri mtu. Maneno yakifika mahali pa kubadilisha, kodi inatakiwa iwe imefika, na mwanafunzi anayeujua wimbo husikia kosa lake papo hapo bila kuambiwa na mwalimu. Msukumo huo ndio unaoufanya mkono wa kushoto ujifunze kutangulia, yaani vidole vianze kuondoka kwenye kodi ya zamani kidogo kabla ya pigo jipya.

Wimbo pia huleta marudio ambayo mtu asingeyavumilia kama yangekuwa zoezi. "Knockin' on Heaven's Door" wa Bob Dylan, uliotoka mwaka 1973, unazunguka katika mistari miwili tu ya kodi, G, D, Am, kisha G, D, C, tangu mwanzo hadi mwisho. "Three Little Birds" wa Bob Marley, wa mwaka 1977, unasimama juu ya A, D na E. Mwanafunzi anayeimba nyimbo hizo mbili jioni moja huhama kodi mara nyingi sana bila kuhisi kwamba yuko mazoezini, na anapomaliza ana kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukisikiliza.

Hata hivyo mazoezi yana faida moja ambayo nyimbo hazina, nayo ni kukuonyesha kiwango unachotakiwa kukifikia. Wimbo wenye kasi ya mapigo 80 kwa dakika, ambao kodi yake hubadilika kila baada ya mapigo manne, unahitaji mabadiliko 20 kwa dakika. Kodi ikibadilika kila baada ya mapigo mawili, yanahitajika 40. Basi chukua kodi mbili zinazokusumbua, weka saa kwa dakika moja, uhame kati yake huku ukihesabu ni mara ngapi kodi imelia safi. Ukipata 15, wimbo huo utakushinda leo hata ukiupenda namna gani, na ukipata 45 utaucheza huku akili yako ikiwa huru kusikiliza mambo mengine. Kipimo hiki cha dakika moja ni bora kuliko kuurudia wimbo mzima wenye tatizo mahali pamoja, kwa sababu katika wimbo mzima lile badiliko gumu huenda likaja mara nne tu, na dakika nyingine zote zikatumika kupiga kile ambacho tayari unakijua.

Zoezi la namna hiyo pia humfanya mtu avitazame vidole vyake kwa karibu, jambo ambalo msisimko wa wimbo hulificha. Tazama kuhama kutoka C kwenda Am. Katika C, kidole cha shahada kiko uzi wa pili freti ya 1, cha kati kiko uzi wa nne freti ya 2, na cha pete kiko uzi wa tano freti ya 3. Katika Am, shahada na kidole cha kati havisogei hata kidogo. Ni cha pete peke yake kinachotoka uzi wa tano na kwenda uzi wa tatu freti ya 2. Wanafunzi wengi wanaojifunza kwa nyimbo tu huinua mkono mzima na kuujenga upya kila mara, na wanaweza kuendelea hivyo kwa miaka, kwa kuwa wimbo hausemi lolote kuhusu kidole kisichohitaji kuhama.

Tatizo kubwa zaidi la kujifunza kodi kwa nyimbo ni kukwepa. Kodi ya F kamili, ambayo shahada hulala juu ya nyuzi zote sita katika freti ya 1, ndiyo ukuta wa kwanza wa kila mpigaji. Anayefuata hatua za mazoezi hulazimika kuukabili, lakini anayefuata nyimbo anaweza kuuzunguka kwa kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja, au kwa kuchagua nyimbo zisizo na F, na mwisho wake ni kubaki na kodi zile zile sita au saba. Mimi simlaumu anayetumia kapo, kwani ni chombo halali na chenye manufaa, lakini ningependa mtu aitumie kwa kuchagua wala si kwa kuogopa. Kuna daraja la katikati ambalo halitumiwi vya kutosha: F meja saba, ambayo hubanwa uzi wa pili freti ya 1, uzi wa tatu freti ya 2 na uzi wa nne freti ya 3, huku uzi wa kwanza ukiachwa wazi na nyuzi mbili nene zikiachwa bila kupigwa. Ukitoka C, shahada hubaki palipo, na vidole vingine viwili husogea uzi mmoja mmoja kuelekea chini. Katika nyimbo nyingi kodi hiyo huziba nafasi ya F bila kuleta ukakasi, na mkono unapata nguvu wakati wimbo ukiendelea.

Sharti la pili la kujifunza kodi kwa nyimbo ni kuzihesabu kodi kwa namba badala ya kuzikariri kwa majina tu. Katika ufunguo wa G, yaani wimbo ambao G ndiyo nyumbani kwake, G ni ya kwanza, C ni ya nne, D ni ya tano na Em ni ya sita. Mfuatano wa kwanza, tano, sita, nne, ambao umebeba nyimbo nyingi mno za miongo ya karibuni, huwa G, D, Em, C katika ufunguo huo, huwa C, G, Am, F katika ufunguo wa C, na huwa D, A, Bm, G katika ufunguo wa D. "Stand by Me" wa Ben E. King, wa mwaka 1961, unatumia kwanza, sita, nne, tano, yaani A, F#m, D, E. Ukibana kapo katika freti ya 2 unaupiga kwa maumbo ya G, Em, C, D na sauti inabaki ile ile ya A. Mtu aliyejifunza nyimbo thelathini bila namba amejifunza vitu thelathini, ilhali aliyezihesabu hugundua kwamba nyingi kati yake zina mifupa ile ile, na wimbo mpya wa thelathini na moja humchukua dakika chache. Vitabu vya mazoezi hufundisha namba hizi mapema. Nyimbo hazifundishi mpaka mpigaji mwenyewe aulize.

Kwa kodi, basi, ningemshauri karibu kila mwanafunzi achague nyimbo, mradi kila wimbo mpya ulete kodi moja tu ambayo hajaizoea, na mradi aandike namba pembeni ya kila kodi.

Ucharazaji: mkono wa kulia unahitaji kutengwa kwanza

Hapa msimamo wangu unabadilika. Ucharazaji ndio hasa unaomfanya msikilizaji atikise kichwa, na ndio unaofundishwa vibaya zaidi na njia ya nyimbo. Sababu ya kwanza ni kwamba karatasi ya wimbo, ile yenye maneno na herufi za kodi juu yake, huonyesha kodi na kunyamaza kuhusu mkono wa kulia. Sababu ya pili ni kwamba katika rekodi nyingi hakuna gitaa moja linalocharazwa kama utakavyocharaza wewe: kuna magitaa mawili au matatu yaliyopangwa juu ya ngoma, besi na kinanda, na mwanafunzi anayejaribu kuiga anachokisikia huishia kuiga mchanganyiko wa vyote. Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Mwanafunzi anapopiga wimbo mzima, akili yake yote huwa kwenye mkono wa kushoto, kwa hiyo kodi inapochelewa mkono wa kulia husimama kuisubiri, na hatimaye kusimama huko kunageuka kuwa tabia.

Uchukue mtindo unaofundishwa kuliko yote, ule wa chini, chini juu, juu chini juu. Ukihesabu "moja na mbili na tatu na nne na", una nafasi nane. Mkono hushuka kwenye kila namba na hupanda kwenye kila "na", bila kukosa hata moja. Kinachobadilika ni kugusa nyuzi au kutozigusa: unagusa kwenye moja, kwenye mbili na "na" yake, unapita hewani kwenye tatu, unagusa "na" inayofuata, kisha nne na "na" yake. Mkono umekwenda mara nane na sauti zimesikika sita. Anayejifunza mtindo huo kwa kukariri mishale ya kushuka na kupanda husimamisha mkono mahali pasipo na mshale, na ndiyo maana ucharazaji wake husikika umekatika hata kama mpangilio ni sahihi. Anayejifunza kwa kuuacha mkono uende daima, na kuchagua tu lini uguse, hupata mitindo mingine mingi bila kufundishwa upya, kwa kuwa yote ni uchaguzi tofauti wa nafasi zile zile nane.

Zoezi linalofaa kwa jambo hili ni rahisi na halina kodi hata moja. Laza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi bila kuzibana ili zitoe sauti kavu, weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika, kisha charaza nafasi zote nane kwa usawa. Ukishatulia, anza kuacha ile ya "tatu" ipite hewani, halafu nyingine. Mkono unaposhuka uruhusu ufike nyuzi zote, na unapopanda uguse nyuzi mbili au tatu nyembamba tu. Tofauti hiyo peke yake huondoa ule mlio wa kukwaruza ambao wanaoanza huudhani ni kasoro ya gitaa lao. Baada ya hapo ongeza kodi moja, kisha mbili, na ndipo uingize wimbo. Hata kodi ikichelewa, mkono wa kulia uendelee, na nyuzi zilie wazi au kavu kwa nusu pigo. Msikilizaji husamehe kodi iliyokosewa mara moja kwa urahisi kuliko mdundo uliosimama.

Lakini kuna mambo ya mkono wa kulia ambayo metronomu haitayafundisha kamwe. La kwanza ni kusikiliza ngoma: katika nyimbo nyingi za pop ngoma ya mguu hukaa kwenye pigo la kwanza na la tatu, na snea, ile ngoma yenye mlio mkali, kwenye la pili na la nne, na mcharazaji anayekazia la pili na la nne hujikuta amekaa ndani ya wimbo badala ya juu yake. Katika rege gitaa huja kwenye pigo la pili na la nne kwa mkato mfupi, mkono wa kushoto ukilegezwa mara moja ili sauti ikatike, na ladha ya mkato huo hupatikana kwa kupiga pamoja na rekodi tu. La pili ni kutambua kwamba si kila wimbo ni wa mapigo manne. Mtu aliyezoea mtindo mmoja hujaribu kuulazimisha kwenye wimbo wa mapigo matatu au wa sita, kisha anashangaa kwa nini maneno hayakai. Nyimbo mbalimbali humfunua masikio mapema. La tatu, ambalo kwa wengi ndilo lengo lenyewe, ni kuimba huku unapiga. Huu ni ustadi wa pekee, na hakuna zoezi linaloufundisha isipokuwa kuimba kwenyewe. Kabla ya kuimba, jaribu kusema maneno ya kawaida huku mkono ukicharaza. Ukiweza kutaja siku za juma bila mkono kuyumba, ubeti wa kwanza hautakuwa mbali.

Kwa ucharazaji, kwa hiyo, mazoezi yanatangulia na nyimbo zinafuata muda mfupi baadaye, katika kikao hicho hicho cha siku. Anayeanza na nyimbo tu atalipa gharama kubwa baadaye, maana kuurekebisha mkono uliozoea kusimama ni kazi ngumu kuliko kuufundisha vizuri tangu mwanzo.

Ningeongeza jambo kwa wapenzi wa rumba ya Kongo na mitindo iliyo jirani nayo. Humo bendi huwa na gitaa la ridimu, la mi-solo na la solo, na kwa kiasi kikubwa hupiga vipande vifupi vya noti vinavyojibizana, kila kimoja kikijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake. Anayetaka kufika huko asitumie mwaka mzima kwenye mitindo ya kucharaza nyuzi zote. Azipige kodi zile zile noti moja moja, kwa zamu zinazorudiwa, na aanze na sehemu ya ridimu kabla ya kuitamani solo.

Skeli: sanduku la vidole au sauti ya wimbo?

Wengi wanaojifunza kwa nyimbo hawajui skeli yoyote, nao wengi wanaojifunza kwa mazoezi wanazijua skeli wasizoweza kuzitumia. Ukweli huo wa pande mbili unaonyesha kwamba hapa hakuna njia iliyoshinda kama zinavyotumiwa kawaida.

Njia ya mazoezi huanza kwa maumbo. Maarufu zaidi ni pentatoniki maina ya A katika freti ya 5: kwenye uzi wa sita freti ya 5 na 8, kwenye wa tano, wa nne na wa tatu freti ya 5 na 7, kwenye wa pili na wa kwanza freti ya 5 na 8. Humo mna noti tano tu, A, C, D, E na G, zikirudiwa. Umbo hili linaingia mkononi kwa siku chache na lina thamani ya kweli, kwa kuwa vidole vinazoea kukaa freti nne mfululizo na mpigaji anaweza kuanza kutunga solo juu ya bluzi ya mafungu kumi na mawili (kila fungu ni mapigo manne) katika A, yaani manne ya A, mawili ya D, mawili ya A, moja la E, moja la D na mawili ya A. Udhaifu wake ni kwamba kupanda na kushuka kwenye umbo hakumwambii mtu ni noti ipi ina uzito na ipi ni ya kupitia. Mpigaji anajua mahali pa kuweka vidole bila kujua atasikia nini kabla ya kubana.

Njia ya nyimbo, kama inavyofuatwa na wengi, haifiki hata hapo, kwa sababu kucharaza kodi hakugusi skeli. Lakini wimbo una sauti yake, ile inayoimbwa, na sauti hiyo ndiyo skeli iliyopangwa tayari na mtu aliyejua anachokitaka. Anayejifunza skeli kwa kuitafuta sauti ya wimbo anaoujua anapata vyote viwili: mahali pa vidole na maana ya kila noti.

Uchukue wimbo wa kumtakia mtu heri ya siku ya kuzaliwa, ambao karibu kila mtu ameuimba. Katika ufunguo wa C unazitumia noti zote saba za skeli ya C meja, na zote zinapatikana kwenye nyuzi tatu nyembamba ndani ya freti tatu za kwanza. Unaanza na uzi wa tatu ukiwa wazi, ambao ni G, mara mbili, unapanda A katika freti ya 2, unarudi G, kisha C katika uzi wa pili freti ya 1 na B kwa kuuacha uzi huo wazi. Mstari wa pili unakwenda vivyo hivyo isipokuwa unafika D, uzi wa pili freti ya 3, na kutua C. Mstari wa tatu unaruka kutoka G ya chini hadi G ya juu, uzi wa kwanza freti ya 3, kisha unashuka E, C, B na A. Mstari wa mwisho unaanza na F mbili katika uzi wa kwanza freti ya 1, ukafuatiwa na E, C, D na C. Humo kuna ruko la oktavu nzima, kuna kupanda kwa hatua, na kuna kutua nyumbani.

Uzuri wa mfano huo unaongezeka unapoweka kodi chini yake. Mstari wa kwanza unatua kwenye B wakati kodi ni G, na B ni mojawapo ya noti za kodi ya G. Wa pili unatua C juu ya kodi ya C. Wa tatu unatua A juu ya kodi ya F, ambayo noti zake ni F, A na C. Wa mwisho unarudi C juu ya C. Kila mstari unapumzika kwenye noti iliyomo ndani ya kodi inayosikika, huku noti nyingine zikiwa za njiani. Jambo hilo ndilo ambalo anayepanda na kushuka kwenye umbo la pentatoniki huchukua muda mrefu kulitambua, na hapa wimbo mmoja mfupi unaliweka wazi mbele ya masikio.

Vipande vya gitaa vinavyojulikana na wote hufundisha kwa namna hiyo hiyo. Kile cha kufungulia "Smoke on the Water" wa Deep Purple, wa mwaka 1972, kimejengwa kwa noti nne tu za skeli ya bluzi ya G maina. Anayekipiga kisha akaandika noti zake kwenye karatasi ameanza kuijua skeli hiyo kutoka ndani. Anayekipiga kwa kufuata namba za freti bila kuuliza noti ni zipi hajaongeza chochote kwenye maarifa yake ya skeli, hata kama kipande kinalia sawasawa.

Kwa skeli, basi, chaguo langu ni sauti za nyimbo kwanza na maumbo baadaye, yaani umbo lije kukusanya noti ambazo sikio limeshazizoea. Anayependelea kuanza na umbo hapotezi kitu ikiwa kila siku atatafuta ndani yake sauti ya wimbo mmoja anaoujua.

Karatasi, tablatura, video au sikio

Anayechagua nyimbo hana budi kuchagua pia atazipata vipi. Karatasi ya kodi ndiyo ya haraka kuliko zote, nayo hukosea mara kwa mara: huacha kutaja kapo, huandikwa katika ufunguo usiolingana na rekodi, au hurahisisha kodi mpaka zikapoteza ladha. Tablatura huonyesha uzi na freti kwa usahihi, hivyo inafaa kwa solo na vipande vya noti moja moja, lakini ile ya kawaida ya maandishi haionyeshi noti inadumu kwa muda gani, na asiyeujua wimbo hawezi kuupiga kwa kuisoma. Video ina faida ya mikono inayoonekana na kasi inayoweza kupunguzwa, ingawa humfanya mwanafunzi atazame sana na asikilize kidogo.

Sikio ni la polepole mwanzoni na ndilo linalolipa zaidi. Tafuta kwanza noti ya besi ya kila kodi kwenye uzi wa sita au wa tano, ukiimba pamoja nayo mpaka zikubaliane, kisha ujaribu kama kodi inayosimama juu yake ni meja au maina. Ukiwa unazijua zile namba za ufunguo, uwezekano unabaki kodi sita hivi, na kukisia kunageuka kuwa kuchagua. Ningemwachia anayeanza atumie karatasi kwa nyimbo zake za mwanzo bila aibu, kisha baada ya nyimbo chache ajaribu moja kwa sikio, hata kama ni kiitikio chake tu, ndipo alinganishe na karatasi.

Nani achague nini

Anayetaka kuimba na kupiga mwenyewe, au kuongoza wengine kuimba, aifuate njia ya nyimbo kwa sehemu kubwa, na atenge muda mfupi wa kila siku kwa mkono wa kulia peke yake. Achague ufunguo kwa sauti yake kabla ya kuchagua kwa urahisi wa vidole, kwa kuwa kodi nyepesi zilizo juu ya uwezo wa koo hazimsaidii. Kapo na namba vitamletea ufunguo unaomfaa.

Anayelenga gitaa la klasiki, au anayetaka kusoma noti na kupiga na makundi yanayotumia noti zilizoandikwa, achague njia ya hatua kwa hatua pamoja na mwalimu. Mkao wa mkono na matumizi ya kila kidole cha kulia katika mtindo huo ni mambo yasiyojitokeza yenyewe kwenye nyimbo za kawaida.

Anayetamani solo aziweke sauti za nyimbo mbele, maumbo nyuma, na asiache kujifunza kodi, kwa sababu solo isiyojua kodi iliyo chini yake hupotea njia mara kodi inapobadilika.

Kwa aliye katikati, ambaye hana lengo moja lililokamilika, nusu saa kwa siku inaweza kugawanywa hivi: dakika tano za nyuzi kavu na metronomu, dakika tano za badiliko moja gumu lililotolewa kwenye wimbo wa wiki, dakika kumi na tano za wimbo wenyewe kwa sauti kamili bila kusimama, na tano za mwisho za kuitafuta sauti ya wimbo huo noti kwa noti. Mpangilio huo unavifanya mazoezi na wimbo vizungumzie jambo moja, kwani hakuna zoezi linaloletwa ambalo halihitajiki kwenye wimbo wa wiki hiyo.

Aliyepiga nyimbo kwa miaka na kuhisi amekwama asianze kitabu cha mazoezi ukurasa wa kwanza. Ajirekodi kwa simu akipiga wimbo mmoja mzima, kisha asikilize bila kushika gitaa. Akisikia pengo dogo kabla ya kodi ile ile kila inapokuja, shida iko mkono wa kushoto, na kipimo cha dakika moja ndicho kinachomfaa. Akisikia kasi inapanda kwenye kiitikio na kushuka kwenye ubeti, ni mkono wa kulia, na arudi kwenye nyuzi kavu na metronomu. Kodi zikiwa safi na mapigo yakiwa imara lakini kila wimbo ukasikika kama uliotangulia, atafute sauti inayoimbwa na kuipenyeza kati ya kodi zake, akianza na ule mstari anaoupenda kuliko yote.